Sayyidna Bilal bin Rabah, Mwadhini wa Mtume

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba watu wa kila rangi kutokana na udongo mmoja. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu msomaji, hakuna mtoto aliyepita chuoni asiyelijua jina la Sayyidna Bilal. Tunalitaja kila tunapomteua kijana wa kuadhini, na misikiti mingi tumeiita kwa jina lake. Lakini kujua jina ni mbali na kujua khabari. Mimi niandikaye haya, niliyesomesha chuoni na madrasa kwa miaka thelathini na kitu, nakiri kwamba muda mrefu nilikuwa nikisimulia katika khabari zake jambo moja lisilo kweli, hali nikidhani kwamba kwa kulisimulia nafanya wema.

Palikuwa na mtoto katika chuo changu ambaye wazee wake walitoka bara, na baba yake kazi yake ni uashi. Mtoto huyu alikuwa mwepesi wa kuhifadhi, ila ulimi wake ulikuwa ukiifanya herufi ya shin kuwa sin. Wenziwe walimcheka, na mara kicheko kikawa matusi, wakamwita mtumwa. Na neno hili watoto hawalibuni wenyewe, hulisikia barazani kwa wakubwa wao. Niliwakemea. Kisha, kwa kutaka kumliwaza, nikawaeleza kwamba Sayyidna Bilal naye, kwa kuwa alikuwa Habashi, hakuweza kuitamka shin katika adhana, na Mwenyezi Mungu akaikubali sin yake kuwa ni shin. Darasa likatulia, nami nikafurahi. Usiku ule baada ya Isha baba yake akaja nyumbani kwangu, akanipa mkono kwa heshima, akaniuliza khabari ile imo katika kitabu gani. Maana mwanawe amerudi nyumbani akitaka kujua kama ndimi za watu weusi ziliumbwa na upungufu. Sikuwa na kitabu cha kumtajia. Nikamwomba muhula, nikarudi vitabuni. Nililolikuta huko nitalieleza pahala pake.

Jina lake ni Bilal bin Rabah, na mama yake ni Hamama. Asili yao ni Uhabeshi, lakini yeye mwenyewe alikuwa muwallad, yaani aliyezaliwa katika nchi ya Waarabu. Wengine husema alizaliwa Makka yenyewe, na wengine husema Sarat, upande wa Yemen. Msomaji na aliweke neno hili akilini, kwa sababu tutalihitaji. Alikulia katika milki ya Bani Jumah, ukoo mmoja katika koo za Makureishi, na mkubwa wao aliyemtesa alikuwa Umayya bin Khalaf.

Ibn Masud amepokea kwamba watu wa mwanzo kuudhihirisha Uislamu walikuwa saba: Mtume s.a.w., na Abubakar, na Ammar, na mama yake Sumayya, na Suhayb, na Bilal, na Miqdad. Mtume alilindwa na ami yake Abu Talib, na Abubakar akalindwa na jamaa zake. Waliobaki hawakuwa na wa kuwalinda, wakakamatwa, wakavishwa ngao za chuma, wakaanikwa juani. Tazama jinsi dhulma ifanyavyo kazi yake. Makureishi hawakumchukia Bilal kuliko walivyomchukia Mtume. Walimtesa yeye kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuuliza damu yake. Wenziwe walitamka kwa ulimi waliyotakiwa kutamka, na mwenye kulazimishwa ana udhuru. Bilal hakutamka. Alikuwa akitolewa saa za mchana kali, akalazwa chali juu ya mchanga wa moto, likawekwa jiwe kubwa kifuani mwake, na akiambiwa aikanushe dini ya Muhammad hulirudia neno moja tu la kumpwekesha Mola wake. Walipochoka wakampa watoto wamburure kwa kamba katika njia za Makka. Kila nisomapo hapa huwafikiri wale watoto kuliko Umayya. Nao pia walikuwa na mtu aliyewafundisha.

Sayyidna Abubakar alipita akaliona jambo lile, akamlaumu Umayya, kisha akamnunua Bilal akamwacha huru. Riwaya za thamani yake zimekhitalifiana: wako wasemao wakia tano za dhahabu, na wako wasemao saba, na riwaya ya Ibn Ishaq yasema kwamba hapakutolewa mali, bali Abubakar alimtoa mtumwa wake mwingine, mweusi, mwenye nguvu kuliko Bilal, naye alikuwa katika dini ya Makureishi, wakabadilishana. Riwaya hii huisoma polepole. Yule aliyetolewa badala yake hakuna aliyeliandika jina lake. Huo ndio ulimwengu waliokuwa wakiishi, na mwenye kuwatukuza sahaba hana haja ya kuupamba.

Bilal hakuwa peke yake kuachwa huru na Abubakar. Aliwaacha pia Amir bin Fuhayra, na Ummu Ubays, na Zinnira, na Nahdiya na binti yake, na mjakazi mmoja aliyekuwa akiteswa na Umar bin Khattab kabla hajasilimu. Wengi katika hawa ni wanawake na wanyonge. Baba yake, Abu Quhafa, alimlaumu kama mfanya biashara amlaumuvyo mwanawe: akiwa atatoa mali, mbona asinunue wanaume wenye mabavu watakaomlinda na kumpigania? Abubakar akamjibu kwamba alitakalo liko kwa Mwenyezi Mungu. Wafasiri wengi wamesema kuwa mwisho wa Suratul Layl uliteremka kwa ajili yake. Na maana ya aya zile ni kwamba mcha Mungu huyu hutoa mali yake ili ajitakase, wala hapana mtu yeyote aliyemfanyia hisani hatta iwe analipa deni. Fikiri, ndugu yangu: hakutoa kwa kulipa, wala hakutoa kwa kutaka kulipwa. Katika sharia mwenye kumwacha mtu huru hubakiwa na walaa, nayo ni fungamano kama la nasaba, na huweza kurithi kwayo. Haki ya kumwamrisha hana. Mambo haya mawili watu huyachanganya, na tutaona kwamba Sayyidna Bilal hakuyachanganya.

Walipohamia Madina, katika mwaka wa 622, homa ya mji ule iliwapata Abubakar na Bilal wote wawili. Imo katika Bukhari kwamba Bilal kila homa ilipompungua alikuwa akipaza sauti kwa mashairi ya kuitamani Makka: bonde lake na majani yake yenye harufu nzuri, na maji ya Majanna, na milima ya Shama na Tafil. Kisha akiwalaani Umayya na wenziwe kwa kuwa waliwatoa katika nchi yao. Makka ile ile ambayo mchanga wake uliunguza mgongo wake! Mtu hawezi kuambiwa si wa mji kwa sababu watu wa mji walimdhulumu. Bilal aliiita Makka nchi yake, na Mtume hakumkanya, bali aliomba dua ili Madina nayo wapendezewe kama Makka au zaidi.

Hapo Madina ndipo alipopata kazi ambayo kwayo ulimwengu unamjua. Waislamu walishauriana watu waitweje kwenye Sala, na Abdallah bin Zayd, mtu wa Ansari, akaoneshwa katika ndoto maneno ya adhana. Alipomweleza Mtume s.a.w., Mtume akamwamrisha asimame pamoja na Bilal amtajie maneno yale ili Bilal ndiye ayanadi. Na sababu aliyoitoa ni kwamba sauti ya Bilal ilikuwa bora kuliko yake katika kunadi. Hii ni hadithi ya Abu Daud na wengineo. Basi mwenye ndoto alikuwa Mwarabu huru, naye alikuwa hapo hapo, na ulimi wake hauna shaka, na bado aliyechaguliwa ni Bilal, na amechaguliwa kwa ubora wa sauti.

Sasa narudi kwa khabari ya shin na sin. Nilikuta kwamba Hafidh al-Mizzi, aliyekufa mwaka wa 1341, amesema ni maneno yaliyoenea katika ndimi za watu wa kawaida, wala hayakuonekana katika vitabu. Na Ibn Kathir, aliyekufa mwaka wa 1373, amesema hayana asili. Al-Sakhawi amezikusanya kauli zao katika kitabu chake cha hadithi zilizo mashuhuri midomoni mwa watu. Na akili nayo inashuhudia. Mtu aliyezaliwa na kukulia kati ya Waarabu lugha yake ni Kiarabu. Akaadhini Madina mara tano kila siku, miaka karibu kumi, wanafiki wakisikia. Lau shin yake ingekuwa pungufu wasingeacha kumcheka, na mcheko wao ungetufikia. Hadithi ile imevaa nguo ya sifa, na ndani yake mna tusi, kwa sababu humfanya Bilal kuwa mtu aliyevumiliwa pahali ambapo Mtume alimfanya kuwa mtu aliyeteuliwa.

Nikamwendea yule mwashi kazini kwake nikamweleza. Hakusema neno jingi, alinishukuru tu. Siku ya pili nikasimama mbele ya watoto nikasema kwamba nililowaambia lilikuwa kosa, na kosa ni langu. Mtoto yule nikamfundisha makhraji ya shin kama wafundishwavyo watoto wengine wote, na kwa muda wa mwezi mmoja akaipata. Ndipo nilipoona kwamba mara ya kwanza sikuwa nimemfundisha. Nilikuwa nimemhurumia tu, nikamwacha pale pale alipokuwa.

Tumrudie Sayyidna Bilal. Alikuwa akiadhini Alfajiri juu ya nyumba ya mwanamke mmoja wa Bani Najjar, iliyokuwa ndefu kuliko nyumba zilizouzunguka msikiti; alikuwa akija usiku wa mwisho akaa juu yake akiitazamia alfajiri. Katika Ramadhani alikuwa akiadhini yeye kungali usiku, kisha akiadhini Ibn Ummi Maktum ikiingia alfajiri. Mmoja ni mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, na wa pili ni Mkureishi kipofu, na Waislamu wote, wakubwa kwa wadogo, wakila na kufunga kwa sauti za wawili hawa.

Ama ibada yake ya siri, tusingeijua lau Mtume s.a.w. asingemuuliza. Asubuhi moja alimweleza kwamba amesikia mshindo wa viatu vyake mbele yake Peponi, akataka kujua ni amali gani anayoitarajia zaidi. Bilal hakutaja jiwe wala mchanga wa Makka. Alisema kwamba hakutawadha kamwe, usiku wala mchana, illa aliswali kwa tohara ile alichojaaliwa kuswali. Kutokana na hadithi hii, nayo ni ya Bukhari na Muslim, wanavyuoni wetu wa Kishafii wamezitaja rakaa mbili za sunna baada ya udhu. Mateso yale yalikuwa jambo kubwa lililotendeka wakati maalumu, yakapita. Lakini shukrani yake ilikuwa ya kila siku, kila aliposhika maji. Na amali hii yawezekana kwa mwashi na kwa mwalimu, wala haidai mali.

Madina nayo haikuwa nchi ya malaika. Imepokewa katika Bukhari kwamba Abu Dharr aligombana na mtu akamtukana kwa asili ya mama yake, na Mtume akamwambia kuwa yeye ni mtu ambaye ndani yake mna ujahili. Aliyetukanwa hakutajwa katika riwaya ile; masharihi wamesema ni Bilal. Husimuliwa sana kwamba Abu Dharr aliliweka shavu lake mchangani ili Bilal alikanyage, lakini mimi hushika lililo thabiti zaidi, nalo ni kwamba baadaye alionekana Rabadha amevaa nguo, na mtumwa wake amevaa nguo kama yake. Mtu alipostaajabu, Abu Dharr alimweleza khabari ile ya kosa lake. Miaka mingi ilikuwa imepita, na toba yake ilikuwa ikionekana katika nguo.

Bilal alikuwa pia mwenye kushika matumizi ya Mtume. Akikopa kwa ajili ya maskini, na akilipa. Siku ya Idi wanawake walipotoa sadaka za pete na vipuli vyao, walizitia katika nguo yake. Alihudhuria Badr katika mwaka wa 2 wa Hijra, na huko alimwona Umayya bin Khalaf akichukuliwa mateka na Abdulrahman bin Awf, akawaita Ansari, na Umayya akauawa.

Mwaka wa 8, sawa na 630, Mtume s.a.w. aliifungua Makka. Alipoingia katika Kaaba aliingia na watu watatu: Uthman bin Talha mwenye ufunguo, na Usama bin Zayd, na Bilal. Usama naye alikuwa mweusi, mama yake ni Ummu Ayman, Mhabeshi. Kisha Bilal akaamrishwa apande juu ya Kaaba aadhini. Wakubwa wengine wa Makka, ambao Uislamu ulikuwa haujawatua moyoni, walisema maneno ya kumdharau kwa rangi yake, na wako wafasiri wasemao kwamba aya ya Suratul Hujurat iliyohesabu ubora kwa ucha Mungu iliteremka kwa sababu hiyo.

Jambo hili watu wote hulisimulia. Liko jingine wasilolisimulia, nalo kwangu ni kubwa kuliko hilo. Walipotoka ndani ya Kaaba, Abdallah bin Umar alimkimbilia Bilal kumuuliza kama Mtume aliswali humo, naye akamwonesha pahala pa Sala baina ya nguzo. Ibn Abbas, binamu yake Mtume, alisema kwamba hakuswali ndani, bali aliomba dua pembeni mwa nyumba. Watu wakaishika kauli ya Bilal, kwa kuwa alikuwamo na aliona, na mwenye kuthibitisha hutangulizwa juu ya mwenye kukanusha. Katika madhehebu yetu kuswali ndani ya Kaaba ni sahihi, fardhi na sunna, na dalili yake ni ushahidi wa mtu ambaye miaka michache nyuma yake, katika mji ule ule, alikuwa akihesabiwa katika mali.

Imepokewa kwamba Bilal alikwenda na ndugu yake kuposa kwa watu wa Yemen. Akajieleza mwenyewe kabla hajaulizwa: kwamba walikuwa wapotevu wakaongozwa, na walikuwa watumwa wakaachwa huru, basi wakiozwa watamhimidi Mwenyezi Mungu, na wakikataliwa watamhimidi pia. Wakaozwa.

Hapa sina budi kusema neno la sisi watu wa pwani. Utumwa uliondolewa kisharia Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Waliokuwa watumwa wamekwisha kufa, na mabwana zao wamekwisha kufa, na posa zingali zinarudishwa kwa ajili ya babu wa babu. Wanaofanya hivyo hutaja kafaa. Mimi ni Mshafii, sitaificha: wanavyuoni wetu wameitaja nasaba na uungwana katika mlango huo. Lakini wamesema pia kwamba kafaa ni haki ya mwanamke na walii wake, wakiridhia ndoa ni sahihi. Na Mtume s.a.w. mwenyewe alimwelekeza Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureishi, aolewe na huyo huyo Usama, mtoto wa mtu aliyeachwa huru, akaona kheri katika ndoa ile. Nimekaa katika kikao cha posa nikasikia kijana mwenye dini akikataliwa kwa neno la pembeni juu ya asili yake, nami elimu hii nilikuwa nayo kifuani, nikanyamaza, kwa kuwa mwenye nyumba ni rafiki yangu na chakula kilikuwa kimekwisha letwa. Silisahau.

Mtume s.a.w. alipofariki, mwaka wa 11, Bilal hakuweza tena kuadhini Madina. Akataka kwenda Sham katika jihadi. Sayyidna Abubakar, ambaye sasa alikuwa Khalifa, alipenda abaki naye. Ndipo Bilal alipomwambia kwamba ikiwa alimnunua kwa ajili ya nafsi yake basi na amzuie, na ikiwa alimnunua kwa ajili ya Mwenyezi Mungu basi amwache na kazi ya Mwenyezi Mungu. Neno zito hili, kuambiwa mtu na yule aliyemtoa chini ya jiwe! Na wako watakaoliona ni kukosa shukrani. Lakini aliyesikia maneno haya ni Abubakar, na hakukasirika, wala hakumkumbusha wakia zake. Sijui ni nani kati yao alimtukuza mwenzake zaidi: aliyedai uhuru wake kwa mwenye hisani, au mwenye hisani aliyekubali kudaiwa. Riwaya moja yasema alimruhusu papo hapo akaenda, na nyingine yasema Bilal aliridhia kubaki hatta Abubakar alipofariki mwaka wa 13, ndipo akaondoka.

Sayyidna Umar naye, ambaye zamani alikuwa akimtesa yule mjakazi, alikuwa akisema kwamba Abubakar ni bwana wao na amemwacha huru bwana wao, akimkusudia Bilal. Na imepokewa kwamba wakubwa wa Kikureishi walikuwa mlangoni kwake pamoja na Bilal na Suhayb, ikatoka idhini waingie Bilal na Suhayb kwanza. Abu Sufyan akaona uchungu. Na Suhayl bin Amr, naye ni mkubwa kama yeye, akawaambia wenziwe wazikasirikie nafsi zao, maana wote waliitwa, na wale waliharakia na wao walikawia.

Huko Sham Bilal alikaa kimya na adhana yake. Umar alipokuja Jabiya watu walimwomba amtake aadhini, akaadhini mara hiyo, na wazee waliowahi kumsikia Madina wakalia kilio ambacho hakikuonekana kama siku ile. Alifariki Sham mwaka wa 20 wa Hijra, sawa na 641, kwa kauli iliyo mashuhuri, umri wake umepita miaka sitini. Ilipomfikia sakarati mkewe alilia akiomboleza, naye akamrekebisha, akasema kuwa ni siku ya furaha, kwa kuwa kesho atakutana na wapenzi wake, Muhammad na sahaba zake. Akazikwa Damascus, katika makaburi ya Bab al-Saghir. Radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie yeye, na aliyemnunua, na yule mwingine ambaye jina lake hatukuandikiwa, hali yake anaijua Mola wake.